Jalada Linalolala: Kwa Nini Kampuni Inayokua Huchelewa Kuajiri

Mhadhara kwa wenye viwanda na wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa

Waandaaji waliniomba nizungumzie uhaba wa wafanyakazi wenye ujuzi katika Nyanda za Juu Kusini. Niliwajibu kwamba nitakuja, ila nitazungumzia jambo jingine lililo jirani nalo, kwa sababu siamini kwamba uhaba ndio ugonjwa wetu mkubwa. Watu wapo kuliko tunavyokiri. Kinachotushinda ni kuwaingiza ndani ya geti kabla mwingine hajawachukua.

Itazameni barabara hii moja, ya kutoka Tunduma kwenda Dar es Salaam. Songwe kuna saruji. Iyunga kuna bia. Ukipita Uyole na Chimala unakutana na mashine za kukoboa mpunga, ukifika Mafinga kuna mbao na pareto, ukiingia ndani kidogo kuna chai ya Mufindi na kiwanda cha karatasi Mgololo, na Iringa mjini kuna maziwa. Rungwe nako kuna chai na parachichi. Wenye viwanda wote hawa, wakubwa na wadogo, wanamtafuta mtu yuleyule: fundi umeme, fundi boila, fundi majokofu, mpima ubora, dereva wa lori anayeaminika. Na vyuo havikosekani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, kikapanda kuwa taasisi, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu. VETA iko Mbeya na iko Iringa. Kila mwaka vijana wanatoka na vyeti mkononi. Halafu mwenye kiwanda ananiambia, mwalimu, sipati fundi. Nikimwuliza nafasi iko wazi tangu lini, ananitajia mwezi ambao mahindi yalikuwa bado hayajapandwa.

Kabla sijafika huko niseme kwamba kuna foleni mbili za waombaji, na kampuni nyingi huzichanganya. Foleni ya kwanza ni ya kazi ambazo kila mwenye cheti anaona anaziweza: karani, mtunza stoo, mhasibu msaidizi, ofisa masoko. Foleni hii ni ndefu kupita kiasi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 na watu 135,027 wakaomba, yaani karibu watu 85 wakigombea kiti kimoja. Miaka 11 kabla ya hapo, Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mkitangaza kazi ya karani hapa Mbeya, tatizo lenu litakuwa kuzama. Foleni ya pili ni ya fundi boila. Hiyo ina watu watatu, na mmoja wao tayari yuko kazini kwa jirani yako. Kwenye foleni ya kwanza ukichelewa unapoteza muda wako. Kwenye ya pili ukichelewa unampoteza mtu. Lakini kampuni inatumia utaratibu mmoja kwa zote mbili: tangazo la wiki tatu, bahasha, nakala zilizothibitishwa, kamati ya watu saba. Fundi boila anayelishwa na kazi yake hana wiki ya kutafuta hakimu wa kumgongea muhuri kwenye cheti cha kidato cha nne.

Sasa nichukue jalada moja nililopata kulipitia karatasi kwa karatasi. Ni la kampuni ambayo sitaitaja; inasindika mazao, iko kati ya Uyole na Makambako. Nafasi ilikuwa ya fundi umeme wa zamu. Fundi wa zamani aliondoka mwishoni mwa Desemba, na alitoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi, kwa hiyo kampuni ilikuwa na karibu mwezi mzima wa kujiandaa. Mwezi huo haukutumika. Dokezo la kwanza ndani ya jalada ni la katikati ya Januari: msimamizi wa karakana anaomba mtu. Meneja uzalishaji yuko Dar es Salaam, dokezo linamsubiri. Anarudi, anaandika "Naunga mkono", linakwenda kwa mhasibu. Mhasibu anauliza kama nafasi hiyo imo kwenye bajeti. Imo, maana aliyeondoka alikuwa akilipwa humohumo, lakini swali limeshaandikwa kwa wino, na swali la wino hujibiwa kwa wino. Jalada linarudi chini, linapanda tena. Februari inaishia hapo.

Machi linafika kwa mkurugenzi. Mkurugenzi anasoma sifa za mwombaji, anakata neno "cheti" na juu yake anaandika "stashahada". Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Fundi aliyeondoka alikuwa na cheti cha VETA na mitambo ilikuwa inazunguka. Tangazo linaandikwa upya. Linabandikwa getini, linarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, bahasha zinaanza kumiminika, nyingi zikiwa za watu wasiojua hata kubadilisha fyuzi. Kamati ya mchujo inaitwa mara ya kwanza, mjumbe mmoja ana msiba. Inaitwa mara ya pili, gari la meneja limeharibika Igawa. Aprili wanasaili. Kijana mmoja anawapendeza wote, tena anatoka Rujewa, karibu tu. Matokeo yanapelekwa kwa mkurugenzi kwa idhini, naye anataka kwanza kuyaona majina ya wote. Mei inaingia, idhini inatoka, kijana anapigiwa simu. Anashukuru kwa adabu, anasema ameshaanza kazi kwenye kiwanda cha kahawa Mbozi.

Nilipojumlisha muda ambao mtu yeyote aliutumia kulifanyia kazi jalada lile, kusoma, kuandika, kupiga simu, kusaili, haukufika siku tatu. Muda wote uliobaki, miezi minne na ushee, jalada lilikuwa limelala juu ya meza ya mtu. Nasisitiza hili kwa sababu watu wanapotaka kuharakisha ajira, wanakimbilia kupunguza kazi: usaili uwe mfupi, fomu iwe na ukurasa mmoja. Wanapunguza zile siku tatu. Ile miezi minne hawaigusi.

Ajabu ni kwamba kampuni zetu zinajua sana kuhesabu muda pale zinapotaka. Mwulize meneja wa kiwanda cha maziwa maziwa ya asubuhi yanaweza kukaa saa ngapi kabla hayajafika kwenye tanki la kupozea, atakujibu bila kufikiri, na atakuambia pia nani anakatwa mshahara yakichelewa. Mwulize barua ya maombi hukaa siku ngapi kabla haijafunguliwa. Atamwita katibu muhtasi.

Kuna kanuni moja ya hesabu ambayo ningependa kila ofisa rasilimali watu aijue. Mwaka 1961 Mmarekani John Little aliithibitisha kwa ajili ya foleni za aina zote, ziwe za watu benki au mizigo bandarini: waliomo ndani ya foleni ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda ambao kila mmoja anakaa humo. Igeuzeni muitumie. Kama mezani una nafasi 30 zinazosubiri kujazwa, na kampuni yako kwa uzoefu wake inajaza nafasi 5 kwa mwezi, basi nafasi mpya itakayofika leo itajazwa baada ya miezi sita. Hakuna ukali wa mkurugenzi utakaobadilisha jibu hilo. Kuna njia mbili tu: uongeze kasi ya kujaza, au upunguze zinazosubiri, kwa kufuta zile ambazo hata zikijazwa hakuna atakayejua huyo mtu akae wapi. Nimeona orodha za nafasi wazi ambazo nusu yake ni maombi ya mwaka juzi yaliyosahauliwa. Zinakaa pale zikimchosha kila anayeifungua orodha.

Lakini jalada halilali lenyewe. Linalala kwa sababu anayelishika hana mamlaka ya kusema ndiyo, na mwenye mamlaka hana muda wa kulishika. Hapo ndipo penye mzizi, na nitapakalia hapo kidogo.

Kampuni nyingi zilizoko mbele yangu leo zilianza na mtu mmoja. Alikuwa na mashine moja ya kusaga, au fuso moja la viazi, au kijiduka cha mbao. Alimwajiri kila mtu kwa macho yake. Alimjua baba yake, alijua anasali wapi, alijua kama anakunywa. Kujuana huku tunakutukana sana kwenye semina, lakini kulikuwa na kazi yake: ndiko kulikokuwa hifadhi ya taarifa. Mahali ambapo cheti kinaweza kughushiwa na barua ya mdhamini huandikwa na mwombaji mwenyewe, neno la shangazi lilikuwa na uzito. Kampuni ikiwa na watu 15, utaratibu huo unafanya kazi, tena kwa kasi kuliko utaratibu wowote wa kwenye vitabu. Ikifika watu 150, mwenye mali hawajui tena. Badala ya kulikabidhi jukumu la kuchagua kwa anayewajua, yaani msimamizi wa karakana au meneja wa zamu, anaongeza saini yake mwishoni mwa jalada. Saini haimwongezei taarifa hata moja kuhusu yule fundi. Inampa faraja tu kwamba bado yeye ndiye anayeajiri.

Na pale saini inapokuwa mlango wa pekee, vimemo vinajua pa kupita. Mheshimiwa fulani anapiga simu, mjomba anatuma kijana na karatasi iliyokunjwa. Jalada lililokuwa limelala miezi mitatu linaamka kwa alasiri moja. Wafanyakazi wanaliona hilo. Wasimamizi nao wanajifunza kutopoteza muda kusaili kwa bidii, kwa sababu mwenye kimemo atakuja tu. Niwakumbushe wenye tabia hiyo kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu anakotoka, dini, jinsi, ujauzito na mengine, na katika hilo inamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa peke yake.

Wakati mkurugenzi anatafakari, mitambo haisimami kumsubiri. Nenda getini kwa kampuni yoyote ya mbao Mafinga asubuhi ya Julai, baridi ikiwa bado inauma, uwaone wanaume na wanawake wamejikunyata kwenye masweta, mikono kwapani. Msimamizi anatoka na daftari. Ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe na yule mwenye kofia. Hiyo ni ajira iliyokamilika kwa nusu dakika. Hao ni vibarua, wengine wanawaita deiwaka, na ndio wanaoziba kila pengo ambalo utaratibu rasmi umeshindwa kuliziba. Yule fundi umeme niliyemsimulia, kazi yake kwa miezi ile yote ilifanywa na fundi wa mtaani aliyekuwa akiitwa kwa simu na kulipwa kutoka kwenye fedha ndogo za ofisi. Hakuwa na mkataba, wala NSSF, wala viatu vya usalama. Alikuwa anafungua paneli yenye umeme wa njia tatu.

Hapa ndipo wengi wenu mtashtuka. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inasema kwamba mtu akikufanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anachukuliwa kuwa mwajiriwa wako mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi ni siku sita hivi za kazi. Kwa hiyo kampuni inayojisifu mbele ya bodi kwamba mwaka huu imebana ajira, haijaongeza hata mtu mmoja, huenda kisheria imeshaajiri watu 20, ikawaajiri bila usaili, bila upimaji wa afya, bila barua, na bila mtu yeyote kuamua. Siku mmoja wao akiachishwa kazi atakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapo jalada litakalotafutwa halipo.

Kwa hiyo anayesema tunachelewa kwa sababu tunakuwa waangalifu, namjibu kwamba uangalifu huo unaishia mezani. Getini haupo kabisa.

Nakubali hata hivyo kwamba kasi peke yake si sifa. Wazee wa Njombe na Rungwe wanaikumbuka ajira ya kasi kuliko zetu zote. Kuanzia mwaka 1944 wakulima wa mkonge walikuwa na shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, lililofika hadi vijiji vya huku kwetu kuchukua vijana kwenda mashamba ya Tanga; shirika jingine, WENELA, nalo lilichukua wengine hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, hadi Tanganyika huru ilipolikatalia. Daktari anakupima, unapewa kipande, unapanda lori. Ilikuwa kasi kwa sababu hakuna aliyejali wewe ni nani. Ilitosha uwe na mikono miwili. Utaratibu wa haraka wa namna hiyo hatuutaki.

TAZARA ndiyo mfano unaonivutia zaidi. Kati ya mwaka 1970 na 1975 reli ya kilomita 1,860 ilijengwa, na kipande kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni hiki cha kutoka Mlimba kupanda Makambako, milima na mahandaki na tope. Makumi ya maelfu ya Watanzania walichukuliwa, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika zana ya ufundi. Hawakusailiwa kwa maswali ya "jielezee" na "unajiona wapi baada ya miaka mitano". Waliwekwa kwenye vikundi na mafundi wa Kichina, lugha hazielewani, wakafundishwa kwa kuonyeshwa, na kazi yenyewe ikawa ndiyo inayosema nani anafaa kupewa kazi ngumu zaidi. Baadhi yao ndio waliobaki kuwa wafanyakazi wa reli.

Utafiti wa huko nje unaunga mkono mantiki hiyo. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye, na kumsaili kwa maswali yaleyale anayoulizwa kila mwombaji huku alama zikiwa zimepangwa kabla, vilikuwa miongoni mwa vinavyobashiri vizuri. Miaka ya uzoefu, ile tunayoipenda kwenye matangazo, "uzoefu usiopungua miaka mitano", ilikuwa dhaifu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizirudia hesabu hizo, namba nyingi zikashuka, usaili wa maswali yaliyopangwa ukabaki juu, na miaka ya uzoefu ikazidi kuporomoka. Google nao, ambao kuna wakati walimsaili mtu mmoja zaidi ya mara 20, walipopekua takwimu zao waligundua kwamba saili nne zinatosha kuwapa uhakika wa asilimia 86. Kila uliozidi hapo uliongeza punje. Laszlo Bock, aliyekuwa akiongoza idara yao ya watu, aliyaandika hayo mwaka 2015. Kama kampuni yenye waombaji wa dunia nzima inatosheka na nne, kiwanda cha Makambako kinachomtafuta mtunza stoo kinatosheka na moja na zoezi.

Zoezi likoje? Kwa fundi umeme, weka paneli ya mota mezani, legeza waya mmoja wa kontakta, unguza fyuzi moja, mpe mita na nusu saa. Usimwulize kitu. Tazama kama anahakikisha umeme umezimwa kabla hajaigusa. Mimi hilo peke yake lingenitosha kumkataa mtu mwenye stashahada na kumchukua mwenye cheti. Kwa mtunza stoo, mpe hati za kupokelea mizigo zenye kosa la jumla na leja, umwone atakavyoliona. Kwa anayepokea maziwa, mpe madumu matatu na kipimo cha uzito wa maziwa, moja likiwa limetiwa maji. Msimamizi wa kazi ndiye atayarishe zoezi, ndiye asahihishe, na ofisa rasilimali watu akae pembeni kuhakikisha kila mwombaji anapewa lilelile. Vimemo navyo vinapata shida hapo: mpwa wa mheshimiwa akishindwa kuwasha mota mbele ya watu watatu, mkurugenzi ana la kumjibu mheshimiwa.

Baada ya zoezi kuna muda wa majaribio, ambao kampuni zetu zinautumia vibaya kuliko kitu chochote. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaruhusu muda wa majaribio wenye urefu unaofaa kulingana na kazi, usiozidi miezi 12. Sheria yenyewe inasema kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, ingawa mkataba wake na kinga dhidi ya ubaguzi vinabaki palepale. Maana yake sheria imekupa nafasi ya kumwangalia mtu akiwa kazini. Lakini waajiri wanatumia miezi minne kumchunguza mtu akiwa nyumbani kwao Rujewa, ambako hawamwoni, halafu akishaingia hakuna anayemtazama tena hadi miezi sita ipite na barua ya kuthibitishwa iandikwe kwa kunakili ya mwenzake. Mtazameni akiwa ndani. Mwezi wa kwanza msimamizi aandike mistari mitatu, wa tatu aandike mingine, mwenyewe asomewe na ajibu.

Sasa ile saini. Simwambii mwenye mali aache kuajiri. Mali ni yake. Namwambia aamue mapema badala ya kuamua mwishoni. Mwanzoni mwa mwaka akae na mameneja wake, wakubaliane nafasi zote, mishahara yake na sifa zake. Anayeondoka katika nafasi iliyokwisha kukubaliwa, nafasi yake ijazwe bila dokezo jipya na bila swali la bajeti. Kila nafasi iwe na mtu mmoja mwenye jina, si kamati, anayewajibika ijazwe. Na iwekwe kanuni ambayo mwanzoni itawaudhi wakubwa: jalada likikaa mezani kwa mtu siku tatu za kazi bila jibu, kimya chake kihesabiwe kuwa ndiyo. Mkurugenzi abaki na saini kwa nafasi chache anazozijali kweli, meneja wa fedha, mhandisi mkuu, watu wanaoweza kuiangusha kampuni. Kwa mtunza stoo, aje kumsalimia siku akiripoti.

Serikali, ambayo sote tunaicheka kwa urasimu, inatutangulia katika mambo mawili. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyozaliwa na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, ina kanzidata ya waliofaulu usaili wakakosa nafasi kwa kuwa nafasi zilikuwa chache. Nafasi ya namna hiyo ikitokea baadaye, wanapangiwa bila kusailiwa upya. Sisi aliyeshika namba mbili tunamtupa, na miezi mitatu baadaye tunatangaza upya kazi ileile. Jambo la pili ni kupeleka usaili mikoani badala ya kuwabeba watu wote hadi makao makuu. Kampuni yenye tawi Mbeya na tawi Iringa haina sababu ya kumtoa kijana wa Kyela hadi Iringa mjini. Kutaneni Makambako, ni katikati, na mabasi yote yanapita pale.

Kalenda nayo isisahauliwe. Huku kwetu kazi zina majira. Chai inachipua kwa nguvu mvua zikiwa zimeshika, mbao zinatoka kwa urahisi barabara za misitu zikiwa kavu, mpunga wa Usangu unafika mashineni baada ya mavuno. Majira hayo mnayajua kwa miaka nenda rudi. Kampuni inayoanza kutafuta watu wa msimu siku msimu unapoanza imeshachelewa hata kama itaajiri kwa wiki mbili. Kazi ya kuchuja na kusaili ifanyike wakati kiwanda kimepoa na mameneja wapo, na watu wapewe tarehe ya kuripoti. Karatasi nyingine, NSSF, taarifa kwa Bodi ya Mikopo ambayo sheria inampa mwajiri siku 28, zina muda wake baada ya mtu kuanza, na hazina haki ya kumchelewesha. Upimaji wa afya ndio ufanyike kabla, hasa kwa wanaoshika chakula.

La mwisho ni pesa, na nitalisema bila kulizungusha. Mishahara haitajwi kwenye matangazo yetu. Tunaandika "mshahara mnono" au "maslahi kulingana na sifa", tunamsaili mtu, tunamchagua, na siku ya kumpa barua ndipo anaposikia kiwango na kukataa. Kazi yote inaanza upya. Taja kiwango mwanzoni, hata kama ni kidogo. Watakaokuja ni wale wanaoweza kuishi nacho. Na mwombaji aliyeitwa kutoka mbali arudishiwe nauli siku hiyohiyo kabla hajatoka getini, awe amefaulu au ameshindwa. Kijana aliyekopa kwa dada yake nauli ya kutoka Makete hadi Mbeya hataitikia wito wa pili, na tutaandika kwenye jalada kwamba hakuonekana. Nauli hizo ziingizwe kwenye bajeti ya ajira, pamoja na chai yao ya asubuhi, na mhasibu asiziulizie tena kwa wino.